Seva Ndogo au Seva Kubwa

Wiki mbili nzima tulibishana, mimi na mwalimu mwenzangu, pale katika chuo chetu cha kompyuta, Nyeri mjini. CD ya programu ya kutengeneza tovuti ilikuja na seva mbili, na ilibidi uchague moja ya kukaa ndani ya kompyuta na kuonyesha kurasa. Yeye alitaka ile kubwa, mpya. Mimi nikashikilia ndogo, kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa kuukuu na ile kubwa ingeilemea. Mimi nikianza kubisha sirudi nyuma, hata mke wangu anajua. Nikashinda.

Tovuti ilikuwa ya kina mama wa Chaka, nje kidogo ya mji, wanaosuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Mwenyekiti wao alikuwa na lake. Mwanawe alikuwa Amerika, na kwa miaka mitatu hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Mama alitaka tu kijana aone uso wake. Nikaweka picha yake ukurasa wa kwanza, amefunga kitambaa cha Jumapili, kiondo mapajani. Nilipobonyeza, ikafunguka. Mama akashika mdomo. Nikamnakilia anwani iliyokuwa juu ya skrini, herufi kwa herufi, naye akamtumia kijana kwa posta. Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba sasa Chaka iko kwa dunia yote, watu wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nimejaa maringo.

Baada ya mwezi na kitu yule mama akaja na barua. Miwani yake ilikuwa imevunjika, kwa hivyo akanipa nimsomee. Kijana aliandika kwamba ameijaribu anwani ile kazini na kwa marafiki, na hakuna kitu. Hiyo si anwani ya tovuti, alisema, ni jina la kompyuta ya mtu. Mama, wamekudanganya.

Ngai, Mungu wangu! Nikatazama juu ya skrini. Lilikuwa jina letu, lile tuliloipa kompyuta wenyewe siku tulipoitoa kwa katoni. Kumbe seva niliyoipigania ilikuwa ikionyesha kurasa kwa meza ile moja tu, na ile kubwa ingefanya vivyo hivyo. Simu ya chuo, njia pekee ya kufikia mtandao wakati ule, ilikuwa kwa ofisi ya mkuu, imefungwa kufuli, na waya wake haukuwahi kufika kwa kompyuta. Mimi, mwalimu mzima, sikuwahi kujiuliza dunia itaingilia wapi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwambia ukweli wote. Akaitazama ile picha yake.

"Kwa hivyo hii inaonekana hapa Nyeri peke yake?"

"Hapa tu, mama. Nisamehe."

Akaikunja barua, ya kwanza kwa miaka mitatu, akaitia ndani ya kiondo. Nikangoja anitukane. Badala yake akavuta kiti.

"Toa karatasi, mwalimu," akasema. "Mwandikie sikudanganywa, picha iko. Mwambie inaonekana Nyeri peke yake. Aje aione."