Nyaya Tatu za Mlingoti

Katika karakana ya shamba la ngano nilikuwa fundi mwanamke peke yangu, na kila mavuno yalipokaribia foromani alinitafutia kazi ya kunitenga na kombaini za kuvunia. Mwaka mmoja nilichomelea vitanda vya zahanati mpaka ngano ikaisha kuvunwa. Mwaka uliofuata akanipa mashua.

"Ndugu meneja anataka mashua ile ya ziwani iwe tayari," alisema asubuhi hiyo mbele ya mafundi wote. "Wageni wanakuja kuangalia mavuno, na wataka kutembezwa ziwani. Kagua mlingoti na nyaya zake."

Mafundi wakacheka. Mimi nilizaliwa Endasak, kwenye miteremko ya Hanang, kwenye mahindi na maharage. Kuogelea sikujua. Nilikuwa na cheti cha ufundi mitambo kutoka shule ya ufundi, na nilichokuwa nakitamani mwaka ule ni kufungua injini ya kombaini kwa mikono yangu.

"Ndugu foromani, kombaini namba nne haijaguswa," nilisema.

"Namba nne ina wenyewe. Wewe nenda ziwani."

Nilibeba sanduku la spana nikapanda lori la maji hadi Ziwa Basotu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau chakula changu karakana.

Mashua ililetwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyefanya kazi shambani. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka, mashua ikabaki. Ilikuwa nyeupe na ndogo, imefunikwa turubai kwenye nyasi. Aliyeitunza alikuwa mzee mmoja mvuvi, mtu wa Kanda ya Ziwa, aliyefika Basotu miaka mingi nyuma kufuata samaki akaoa hapo hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Wamekutuma peke yako?"

"Peke yangu."

Alinitazama, akatazama ovaroli yangu, kisha akaanza kuvua turubai. Hakucheka, na kwa siku ile hiyo ilinitosha.

Alinieleza kwa maneno machache. Mlingoti unashikiliwa na nyaya tatu: mmoja unakwenda mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto. Ukikatika mmoja upepo ukiwa mkali, mlingoti unalala majini pamoja na tanga, na aliye chini yake Mungu amsaidie. Tuliulaza mlingoti juu ya magogo mawili. Nikachukua kitambaa cha pamba nikakipitisha juu ya kila waya, taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho. Pale kitambaa kiliponasa palikuwa na uzi wa chuma uliokatika. Kilinasa mara nne kwenye waya wa kushoto, mara mbili kwenye wa mbele. Waya wa kulia ulikuwa umeliwa na kutu pale unapoingia kwenye kishikio chake, na mahali pa pini mtu alikuwa amepiga msumari wa inchi tatu akaukunja.

"Nani kaweka msumari huu?"

"Mimi," alisema mzee. "Niliomba pini karakana. Niliomba mpaka nikachoka."

Wiki iliyofuata ndipo nilipomwelewa. Mtunza stoo alitaka fomu yenye saini ya foromani. Foromani alikuwa amekwenda Katesh. Aliporudi akasaini mahali pasipo pake. Fomu ya pili iliposainiwa vizuri, mtunza stoo aliisoma yote, akaikunja, akaniambia stoo haina waya mwembamba, upo wa winchi tu, mnene kama kidole. Nikauchukua hivyo hivyo. Mzee alipouona alitikisa kichwa.

"Huu ni mzito, binti yangu. Uzito ukiwa juu, mashua inapinduka."

Nikaurudisha. Mtunza stoo akataka fomu ya kurudishia.

Nilikwenda nyuma ya karakana, kwenye makaburi ya mashine, nikazunguka katikati ya matrekta yasiyo na magurudumu hadi nikaona bomba la zamani la kupandishia ngano. Ni bomba refu, linasimama kwa mshazari, linavuta ngano kutoka chini kuimwaga juu ghalani, nalo huzuiwa lisipinde kwa nyaya. Hizo nyaya zilikuwa nyembamba, nzima, zimelindwa na grisi iliyoganda. Nikazifungua pamoja na klipu zote sita za kubania ncha zake. Nilipozipitishia kitambaa hazikunasa hata mara moja.

Nikiwa nimesimama pale nikapata wazo la kupitisha kitambaa kwenye bomba jipya pia, lile lililokuwa likisubiri mavuno. Nikaenda nikakipitisha, kikanasa vibaya. Nikaenda moja kwa moja kwa foromani.

"Nyaya za bomba jipya zimechakaa. Zibadilishwe kabla hatujaanza."

"Nimekutuma kukagua bomba?"

"Hapana, lakini—"

"Basi shughulika na mashua."

Nikashughulika na mashua. Na hapo mimi mwenyewe nikafanya kosa la kijinga. Nilipima nyaya mlingoti ukiwa umelala, nikakata kwa kipimo hicho, nikasahau urefu unaoliwa na kitanzi cha kila ncha. Tulipousimamisha mlingoti, nyaya za kulia na kushoto zilipungua shubiri nzima. Niliketi kwenye nyasi nikalia, si kwa ajili ya waya. Nilikuwa nikisikia kombaini zikijaribiwa kule juu, moja baada ya nyingine, na mimi nimekaa ziwani na waya mfupi.

Mzee aliniacha nilie. Nilipomaliza aliniuliza, "Mnyororo mnao huko kwenu?"

Mnyororo tulikuwa nao. Nikakata vipande viwili vya pete tatu tatu, nikaviunga chini ya nyaya, nikatengeneza pini za chuma cha pua, nikakaza klipu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mlingoti ukasimama wima. Nilipoukamata na kuutikisa, mashua yote ilitikisika nao.

Jumapili baada ya ibada tuliijaribu. Niliingia nikiwa nimevaa gauni la kanisani, nikashika ukingo kwa mikono yote miwili. Mzee alipandisha tanga, likapigapiga, kisha likajaa upepo kwa kishindo, na mashua ikalala upande. Nikapiga kelele. Yeye alikuwa akicheka kama kijana. Macho yangu hayakubanduka kwenye nyaya. Waya wa upande wa upepo ulikaza ukaanza kuvuma, na klipu hazikusogea. Tulikwenda hadi katikati ya ziwa, mbali na matete wanakokaa viboko, tukarudi. Hofu ilikuwa imekwisha nikiwa sijui imekwisha saa ngapi.

"Sijapandisha tanga tangu nitoke kwetu," mzee alisema tulipofika nchi kavu. Alilikunja tanga lile polepole sana.

Siku ya pili ya mavuno, nikiwa bado nimewekwa ziwani kungoja wageni, lori la karakana lilifika ziwani kwa kasi. Dereva hakuzima hata injini.

"Bomba limepinda mgongo. Waya umekatika, ngano inamwagika uwanjani. Ule wa winchi hauingii kwenye vishikio vyake. Foromani anasema leta nyaya zako na klipu zote."

Nikafungua sanduku la spana, kwa sababu nilijua nisipozifungua mimi wangekuja kuzikata. Mzee alitoka kwenye kibanda chake alipoona mlingoti unalala.

"Ungekataa," alisema.

"Mzee, ngano iko chini. Magari yamepanga foleni."

"Na wewe uliwaambia."

"Niliwaambia."

Aliifunika mashua kwa turubai akaingia ndani, na sikujua kama hasira yake ilikuwa juu yangu au juu yao.

Nilizifunga nyaya kwenye bomba mchana ule mbele ya mafundi wote, nikiziongezea mnyororo pale zilipopungua, na safari hii nilihesabu vitanzi. Bomba lilinyooka. Ngano ikapanda. Foromani alisimama mikono nyuma, akaangalia mpaka lori la kwanza lilipokwisha kumwaga ngano, kisha akasema, bila kunitazama, "Kesho uanze na kombaini namba nne."

Hicho ndicho nilichokuwa nimekitaka tangu nifike shambani. Nilidhani ningefurahi. Nilikwenda nyumbani nikapika, nikala, nikalala.

Wageni walifika Alhamisi. Nilikuwa juu ya namba nne nikisafisha makapi kwenye rejeta, wao wakiwa chini pamoja na meneja na foromani. Mmoja wao, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliuliza habari za mashua aliyokuwa ameahidiwa.

"Samahani sana," meneja alijibu. "Tulimpa fundi kazi hiyo, lakini hakuimaliza."

Foromani alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alitazama viatu vyake.

Nilishuka ngazi. Nilipangusa mikono kwenye ovaroli, nikaenda nikasimama mbele yao.

"Shikamooni," nilisema. "Fundi wa mashua ni mimi. Niliimaliza, na ilikwenda majini Jumapili. Nyaya zake ndizo zile pale, zimeshikilia bomba."

Nikaonyesha kwa mkono. Wote waligeuka kutazama bomba, hata meneja, kana kwamba hajawahi kuliona.

"Kwa nini zilitolewa?" aliuliza yule mama.

"Muulizeni foromani. Nilimwambia za bomba zimechakaa kabla mavuno hayajaanza."

Meneja alikohoa akawaelekeza wageni kwenye gari. Mimi nikapanda tena ngazi, nikaendelea kutoa makapi kwenye rejeta kwa vidole kwa sababu brashi nilikuwa nimeiacha chini na sikutaka kuifuata.

Asubuhi iliyofuata foromani aliniita ofisini akasema nimemvunjia heshima mbele ya wageni, niandike barua ya kuomba radhi. Nilimwambia nitaandika siku atakapoandika yeye kwa mzee wa ziwani. Hakuandika. Nami sikuandika. Niliendelea na namba nne mpaka ngano ya mwisho ilipoingia ghalani, na kwa msimu wote ule tulisalimiana tu, mimi na yeye, tukapitana.