Safu Iliyopinda

Baba yangu alipigana Vita vya Kagera, akarudi Ufipa na kipande cha chuma gotini na tabia ya kupanga kila kitu mistari. Kuni mistari, viatu mistari, hata sisi watoto alitupanga kwa urefu kabla ya kula. Kijijini kwetu, jirani na Kaengesa, wote humwita Afande.

Mwaka jana goti liligoma kabisa. Mvua zilikuwa zimekolea na majani shambani yamefika kiunoni. Huo ndio wakati wa kupiga ntumba, yale matuta ya duara tunayofukia majani ndani yaoze yawe mbolea. Majirani walitaka kumlimia, akakataa katakata. "Mimi sijawa ombaomba," alisema, akajifungia chumbani.

Basi nikatoka Sumbawanga mjini na gari la kukodi na dereva wake, nije niwahamishie wazee kwangu. Mama alinisikiliza huku anakoroga pombe ya ulezi.

"Ukimtoa kwenye shamba lake, mwanangu, mwaka hautaisha tutakuwa tumemzika. Subiri kesho."

Kesho yake majirani wakaja na majembe. Kwetu pombe ya kulimia ikishaiva, watu hawafukuzwi, hata na Afande. Wakaanzia mbele ya dirisha lake. Nikaona safu ya kwanza ya ntumba inakwenda kombo, inapinda kama mkia wa ng'ombe, na hawa ni watu waliozaliwa na jembe mkononi. Nikafungua mdomo niwaambie. Mama akanifinya mkono: "Nyamaza wewe."

Haukupita muda mlango ukafunguka. Baba huyo, na fimbo, na kofia yake ya jeshi iliyopauka.

"Nani kawafundisha kulima? Simama! Wewe, rudi nyuma! Kamba iko wapi?"

"Samahani, afande!" waliitikia, watu wazima wamebana vicheko.

Akawasimamia mpaka shamba likaisha. Alichechemea, alifoka, alimtania kila aliyechoka, na sauti yake ilisikika hadi barabarani. Nilimwangalia nikajikuta natokwa machozi, kwa jinsi nilivyompenda mzee yule mkorofi.

Wakati wa pombe jirani mmoja aliinuka na jembe, akainyooshe ile safu ya kwanza. Baba akamzuia kwa fimbo.

"Hiyo iacheni."

Akamgeukia mama, aliyekuwa ameinamia chungu akijifanya hasikii.

"Nimekaa na huyu mama tangu nitoke vitani. Anajua mstari uliopinda siwezi kulala nao. Iacheni, niwe naiona nikifungua dirisha."

Kisha, mbele ya watu wote, akaegemeza fimbo ukutani na kumpigia mama yale makofi ya taratibu, ambayo kwetu mdogo humpigia mkubwa wake. Mama akajifunika uso kwa khanga. Mimi nikaenda barabarani kumwambia dereva arudi mjini, hakuna mzigo.