Maji Yaliyomwagwa Mlangoni

Kijiji kilichonilea kiko mpakani, kusini ya Lubumbashi, na ukikipita kwa gari bila kuambiwa utadhani ni nyumba za wasafiri waliochoka wakaamua kulala hapohapo. Hakuna mto wala mlima. Waliokata mpaka zamani za wakoloni, kwa kukosa mto, walifuata mgongo wa nchi: mvua inayoteremkia kaskazini ni ya Congo, inayoteremkia kusini inaingia mto Kafue na ni ya Zambia. Walisimamisha nguzo chache za saruji, kila moja mbali na mwenzake, wakaenda zao. Kati ya nguzo na nguzo walituachia tujue wenyewe.

Tukajua kwa maji. Mtu akitaka kujenga, alisafisha kiwanja, kisha mzee wa mji akamwaga ndoo ya maji pale mlango utakapokaa. Yakienda huku, wewe ni Mkongomani. Yakienda kule, beba ndoo yako ukaombe ruhusa kwa chifu wa upande wa pili. Watu wetu waligombana juu ya kuku, juu ya wake, juu ya mahindi yaliyoliwa na mbuzi, lakini maji yakishamwagwa maneno yamekwisha. Marehemu mjomba wangu, ambaye paa lake lilikaa juu ya mstari wenyewe, alijisifu kwamba analala kichwa Zambia na miguu Congo, na akauliza ni serikali gani itakayomnunulia blanketi.

Mama mkubwa, dada ya mama yangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo wa kichuguu, kama zote za pale. Kila asubuhi akishaniogesha alimwaga maji ya beseni mbele ya mlango, nayo yalikata kushoto, yakapita chini ya mpapai, yakaenda Congo. Njia ile naijua kuliko njia ya kanisani.

Kisha wakaja watu wa shaba. Kwetu Katanga shimo si habari. Nani hana shimo? Lakini hili walilichimba nyuma ya msitu wetu, halafu wakaendelea chini, upande wa kijiji, mahali ambapo macho hayafiki. Adhuhuri ardhi ilikuwa inaguna, vikombe vikagongana kabatini, na mama mkubwa akashika meza kwa mkono mmoja huku akiendelea kula bukari, ugali wetu, kwa mwingine. Maji ya kisima yakashuka. Kamba ikaungwa, ikaungwa tena. Masika yaliyofuata vyura hawakulia, na hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti.

Ndipo ufa ukatokea, kutoka kizingitini hadi dirishani. Mama mkubwa aliuziba kwa udongo wa kichuguu, ukafunguka. Akauziba tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ni mtu wa kuwatii wahenga. Ila wahenga hawakusema chochote juu ya ufa unaoanzia chini. Mabwana wa kofia ngumu walikuja, wakautazama, wakasema ni udongo tu unajinyoosha. Waliyasema hayo wakiwa wamesimama nje. Hakuna hata mmoja aliyekubali kiti ndani.

Mwaka huu, mvua zikikaribia, nilikodi teksi kutoka Kampemba, mtaa wangu wa Lubumbashi, nikaenda kumchukua. Chumba cha nyuma nilikuwa nimekipaka chokaa, kitanda kipo, chandarua kipo. Nilimkuta mlangoni anachambua maharagwe.

“Mama mukubwa, funga bitu yako, twende. Hii nyumba itakuangukia.”

“Niko na nyumba, mwana wangu. Kule kwako nitakuwa mugeni mu nyumba ya bantu.”

“Mimi njo bantu, mimi mwana wako?”

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya mtu anayeogopa, nikamwambia maneno makali ambayo hata dereva wa teksi aliyasikia, kwa maana alizima redio. Mama mkubwa aliinuka polepole, akachota maji katika beseni lilelile la bati.

“Tuulize mayi,” akasema. “Kama inaenda ku Congo, ninabakia. Kama inaenda ku Zambia, ninapanda mu teksi yako na sitasema tena kitu.”

Nilikubali haraka. Nilijua ardhi ile imeinamia Zambia tangu shimo lile lichimbwe, kila mtu alijua. Mpapai wenyewe ulikuwa umelalia upande wa kusini. Nilijiona nimeshinda.

Akamwaga. Maji yalianza kukata kushoto kama zamani, yakasita. Yakarudi nyuma. Yakazunguka mguu wake, yakafika kizingitini, yakaingia katika ufa yote, hata tone halikubaki juu. Kisha, baada ya muda ambao sikuutegemea, tukayasikia yakianguka. Sauti ilikuwa mbali sana, chini ya chumba nilimokuwa nikilala utotoni.

Miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe mpaka kwenye teksi. Nikamwita. Nilimwita kama mtoto, “Mama! Mama!”, mimi mwenye wajukuu.

Yeye aliangalia kizingiti muda mrefu. Halafu akageuza beseni, akalipigapiga mgongoni kukung'uta maji.

“Mayi haikuenda ku Zambia,” akasema.

“Haikuenda na ku Congo!”

“Ya kwenda chini hatukupatana.” Akaingia ndani na maharagwe yake, akanyanyua mguu vizuri kuruka ule ufa.

Nilisihi mpaka dereva akachoka. Nilirudi Kampemba na kiti kitupu kando yangu.

Jana mchana mvua ya kwanza iliangukia mabati yetu, nzito, kutoka kusini. Nikampigia simu. Alipokea upesi, sauti yake nzima, nikasikia mvua yake nyuma ya sauti.

“Iko inanyesha huku pia,” akasema.

“Mama mukubwa, mayi inaenda wapi?”

Nilitegemea aende mlangoni kutazama. Sikusikia hatua.

“Ngoja kidogo,” akasema, akishusha sauti. “Ngoja nisikilize.”