Pale Hakimu Anafungua Mdomo

Mwaka wa 1970, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa. Ndugu zake wakachukua shamba, wakamfukuza mama yangu na sisi watoto. Shule ikaishia hapo, darasa la tatu. Nilichunga ng'ombe za watu, nikabeba mawe, na nilipokuwa kijana nikapata kazi kiwanda cha nguo hapa Eldoret. Hakuna mtu alinishika mkono. Hata kusoma vizuri nilijifunzia kiwandani.

Karani mmoja alinunua riwaya. Ilikuwa moja, na wenye kuitaka tulikuwa wengi. Akachukua kisu cha kukatia kitambaa, akaikata vipande vinne, akashona kila kipande kwa uzi wa kiwanda. Kitabu kizima msimamizi angekiona. Kipande kiliingia ndani ya ovaroli vizuri. Ukimaliza chako, unampa anayekufuata kwa foleni, unangoja kingine.

Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu nilisoma polepole nikifuata maneno kwa kidole. Kwa hivyo vilivyokwisha vilibaki kwangu. Ilikuwa habari ya mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, akawapeleka kortini. Mama yangu hakwenda kortini. Hakujua mtu kama yeye anaweza kwenda. Nilisoma mpaka pale hakimu anafungua mdomo atoe hukumu, na hapo kipande cha tatu kinaisha.

Kabla sijapewa cha nne, kiwanda kilifungwa. Tulitolewa nje mchana, kila mtu na alichokuwa nacho mwilini. Cha nne kilikwenda upande wa Burnt Forest na fundi wa mashine, aliyekuwa mbele yangu kwa foleni. Pale getini aliniambia, "Usijali, alipata shamba lake." Niliridhika. Nilisema nitaenda kukichukua siku moja, nisome mwenyewe, lakini kazi haikuniacha. Halafu vurugu za uchaguzi zikaja, nyumba ya fundi ikachomwa na kila kitu ndani.

Mwaka huu redio ilisema mwandishi wa kile kitabu amekufa. Wa foleni ile tumebaki mimi na fundi, na mama aliyekuwa akituuzia chai getini na kusomewa. Tukakutana kwa huyo mama, Kimumu, tukamkalia mwandishi matanga. Jirani akaingia na sukari, vile desturi inataka.

"Poleni. Marehemu ni nani yenu?"

"Ni mwandishi wa vitabu," mama wa chai akasema.

"Mtu wa wapi?"

"Hatujui. Hatukuwahi kumwona."

Jirani aliangalia sukari yake kama anayetaka kurudi nayo.

Nikasoma kurasa za mwisho za kipande cha tatu kwa sauti, kwa jicho moja, kwa maana lingine presha ya macho imelimaliza. Nilipofika kwa hakimu nikanyamaza.

"Haya mzee, malizia," nikamwambia fundi. "Wewe ndiye ulisoma."

Alikunywa chai kwanza. "Hakupata."

"Wewe," mama wa chai akasema. "Getini ulisema alipata. Nikakupa chai ya bure."

"Na ilikuwa tamu. Lakini hakupata. Huyu alikuwa amefukuzwa kwao, na kazi imeisha. Ningemwambia nini tena siku hiyo?"

"Hakimu alisema maneno gani?" nikauliza.

"Yale wao husema."

Sikubishana naye. Shamba lake Burnt Forest linalimwa na mtu mwingine mpaka leo, na yeye anakodisha chumba. Labda anakumbuka kitabu. Labda anakumbuka mambo yake mwenyewe. Nimezunguka maduka ya vitabu mjini na wananiambia hiki hakichapishwi tena, kisha wananiuliza mtoto wangu yuko darasa gani. Mwandishi amezikwa. Mama yangu alikufa akilima kwa watu, na mimi nilimwambia kwamba yule mjane wa kitabu alishinda. Alicheka siku hiyo. Sijui nilimwambia kweli au uongo, na hakuna mtu wa kuniambia.

Leo nina ekari moja na nusu Yamumbi, hati iko kwa jina langu. Nyumba ya mawe. Duka la mbao. Ng'ombe wawili, mmoja hana maziwa. Jicho moja, nalo daktari amesema linafuata lile lingine. Na kitabu, kutoka mwanzo mpaka pale hakimu anafungua mdomo.