Protus Hakuharibu Ile Seva

Tangu jana najaribu kukubali na inakataa. Protus wetu wa IT hayuko tena. Boda ilianguka naye barabara ya Bukura, akienda kazi.

Nimeona status zenu, watu wa ofisi. Mishumaa, njiwa, eti tumepoteza nguzo. Nguzo gani? Si ni nyinyi mlikuwa mnamwita Skrini Nyeusi mkiwa kwa laini ya chai? Hebu nyamazeni kidogo.

Protus alikuwanga na sheria moja: kila mtu wa IT aingie kwa seva na jina lake mwenyewe. Bosi alitaka sisi wote tutumie akaunti moja, eti ndio haraka. Protus akakataa, akatufungulia akaunti mmoja mmoja kwa amri za kuandika kwa ile skrini yake nyeusi, bila kugusa mouse. Bosi alicheka sana. Huyo ni mtu ambaye amebandika password yake kwa kioo cha kompyuta.

Halafu ile asubuhi mnaikumbuka. Wahasibu hawakuweza kufungua faili hata moja, watu wamejaa corridor. Kuna mtu aliambiwa awaongeze kwa group ya printer mpya, akaandika usermod -G badala ya usermod -aG. Ukiacha hiyo a, mtu anatolewa kwa group zake zingine zote, zile zinampa ruhusa ya kufungua faili, anabaki na hiyo moja. Uzembe mtupu.

Protus alirudisha kila kitu kabla ya lunch. Asante yake ikawa barua ya onyo, eti ni yeye aliharibu seva, na transfer ya ofisi ya Bukura, kuchunga toner za printer. Bosi hakuuliza log, ile rekodi ya seva inayoonyesha nani aliandika nini. Hata angeletewa hangejua kuisoma, bure kabisa.

Protus aliisoma. Tulikuwa kwake Shieywe tunakula obusuma, ugali wa kwetu, akaniambia bila hasira, "Nimeona ni wewe. Nitakuachia uongee mwenyewe."

Ndiyo, ni mimi. Na sikuongea. Nilikuwa nangoja barua ya kuthibitishwa kazini, hiyo ndiyo sababu yangu yote. Kila asubuhi alipanda boda kwenda kutumikia adhabu yangu, na mimi nikamwambia tu pole bro. Nyinyi ni wanafiki, lakini mimi nimewapita wote.

Leo nimemtumia bosi hiyo log. Kisha nimeenda kwa mama yako, Protus, nikamwambia kwa mdomo wangu. Akaniuliza, "Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Pumzika, ndugu yangu. Nisamehe kama unaweza.