Jezi ya Kwanza ya Kalolaine

Ukimuuliza Sulieti habari za timu ya bintiye, jiandae kukaa. Atakutajia matokeo yote ya hiyo raga ya wanawake kama anayetaja majina ya ukoo: msimu wa kwanza mechi tisa, ushindi mmoja, wa pili ushindi mara tatu, wa tano wakafika nusu fainali, wakashindwa kwa pointi mbili tu. Wenzake wa kanisani pale Sydney, wahamiaji wa visiwa vya Tonga kama yeye, humtania: “Mama Kalo, hata Zaburi huzijui hivyo.”

Ipo mechi moja asiyoitaja, ile ya kwanza ya Kalolaine.

Desturi ya timu ni kwamba mchezaji mpya hukabidhiwa jezi yake ya kwanza na mtu wa nyumbani kwao. Kalolaine alimwomba mama yake.

“Nikupe mwenyewe nguo ya kwenda kuvunjiwa mbavu?” Sulieti alimjibu. “Kamwombe kocha wako.” Akaenda zake mazoezi ya kwaya. Jezi ikatolewa na Bi Noreen, mfua nguo wa timu.

Mwaka huu goti la Kalolaine limegoma, timu ikamfanyia sherehe ya kumuaga. Anayestaafu huirudisha jezi ile kwa aliyempa. Sulieti aliijua desturi, ila alijiambia mama ni mama, akakaa mstari wa mbele. Kalolaine akampita, akamvika Bi Noreen jezi mabegani.

Sulieti akapiga makofi kama wengine. Msumari mpya aliokuwa ameupigilia ukutani sebuleni kwake bado uko pale, haujatundikwa kitu.