Kidari cha Baba Mkwe

Asubuhi ile niliondoka chumbani kwangu Majengo bila mpango wowote. Mfukoni mwa koti la mitumba nilikuwa nimekuta kamusi ndogo ya Kiingereza na Kireno. Shule niliiacha darasa la sita, na Kiingereza nilikiokota kwa wageni niliowabebea mizigo mlimani, basi nikawa naisoma kamusi ile kama riwaya. Siku hiyo nilikuwa kwenye maneno ya kuhifadhi. Mwingereza ana *preserve*, kufanya kitu kisiharibike. Kwa Mreno ni *preservar*. Ana *conserve*, kutumia kwa uangalifu kisiishe, *conservar*. Kutia chumvi, *salt*, ni *salgar*. Kukausha kwa moshi, *smoke*, ni *defumar*. Niliyaimba hayo njia nzima hadi nikajikuta Kilema, kijijini huko mlimani, mvua inanifukuza.

Nikakimbilia mlango wa jiko moja. Ndani, mama mmoja alikuwa ananusa kipande cha nyama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, ila tope uliache nje."

Akanieleza shida yake. Jana ukoo ulichinja mbuzi, na kidari ni haki ya baba mkwe wake. Mzee amelazwa hospitali mjini. Kesho mama mwenyewe anakwenda kumchukua, watarudi keshokutwa. Kidari kikioza, ukoo mzima utasema amemdharau mzee.

"Tia chumvi," nikasema, nikifungua kamusi. "Wareno wanaita *salgar*."

"Mzee ana presha, daktari kamkataza chumvi. Unataka nimtoe hospitali nije nimzike?"

Nikafunua tena. "*Defumar*. Moshi."

Akacheka hadi akakaa chini. "Baba wee, bibi yangu alikausha nyama kwa moshi na kitabu hakuwa nacho! Moshi ninao. Mtu wa kuulinda nikiondoka ndiye sina."

Tukakitundika kidari juu ya mafiga. Nikapasua visiki vya mibuni aliyoing'oa bei ya kahawa ilipoanguka, nikachochea kidogo kidogo, machozi yananitoka. Jioni mama akakigusa kidari kwa kidole, akakinusa, akanipakulia sahani ya machalari, ndizi laini na nyama.

Kisha akatandika majani makavu ya migomba kwenye kona.

"Utalala hapo. Moto usiwake sana, wala usizime. Ukizima, mzee utamjibu wewe, kwa Kireno chako."